Azoti ya kalanga inaenda na moshi

Tunapofundisha mu koperative za Kasongo na Kabambare, tukiuliza mikrobe ni nini, jibu linakuja mbio: ni magonjwa. Kolera, tifoide. Kosa ni letu pia, sisi agronome, maana hatusemi sana juu ya zile zinazolima pamoja nasi.

Bakteria ni kiumbe cha chembe moja tu, jicho halikioni bila mikroskope. Kijiko kimoja cha udongo muzuri kinaweza kuwa na mamia ya milioni. Nyingi hazigonjeshi mutu. Zinaozesha majani, na muhogo tunaoloweka unalainika kwa kazi yao. Kuko pia akea: ukizitazama zinafanana na bakteria, na wenye elimu walizichanganya mpaka mwaka wa 1977, wakati Carl Woese na George Fox, kule Marekani, walionyesha kama ni jamaa ingine kabisa. Ukikanyaga matope ya mupunga wa bondeni na mapovu yanatoka, ndani yake muko metani, na akea ndizo zinaitengeneza pahali hewa haifiki.

Lakini leo tunataka kusema juu ya kalanga. Ng'oa shina moja wakati wa maua, polepole, na udongo wake. Ku mizizi utaona vinundu vidogo vya mviringo. Wengi wanafikiri ni ugonjwa. Siyo. Ni nyumba za bakteria zenye kuitwa rizobia. Mu hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni azoti, chakula kile kile tunachotafuta mu mufuko wa ure, lakini mumea hauwezi kuikamata peke yake. Rizobia zinaikamata, zinaipa kalanga, na kalanga inazilisha sukari. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani kukiwa kwekundu, kazi inaendelea, kukiwa kweupe ao kijani, hakuna kazi.

Hapa tunapingana na mafundisho fulani, hata yetu ya zamani. Tulisema: panda kalanga, kisha mupunga, udongo utapona. Ni nusu ya kweli. Sehemu kubwa ya azoti inaingia mu mbegu, nayo tunaikula ao tunaiuzisha. Inayobaki iko zaidi mu majani na mashina. Na sisi tunafanya nini? Tunang'oa, tunabeba mpaka nyumbani, tunachuma, majani tunayakusanya nyuma ya nyumba na kuyatia moto. Azoti inaenda na moshi.

Wakubwa watatujibu kama majivu yanazalisha. Ni kweli, majivu yana potasi na chokaa, na sezoni ya kwanza kisha moto inakuwa nzuri. Lakini babu zetu waliacha shamba lipumzike miaka mingi. Leo pumziko ni fupi, pori la kukata liko mbali zaidi kila mwaka, na mama ndiye anabeba kitunga ile safari yote. Na ure, hata ikifika kwetu na barabara hizi, ni koperative ngapi zinaweza kuinunua?

Tunaomba komite zikubaliane jambo moja kabla ya sezoni ijayo: kalanga zichumwe mu shamba kwenyewe, majani yatandazwe pale penye mupunga ao mahindi itapandwa. Kama unabeba nyumbani sababu ya wezi (tunajua wako), rudisha majani mu kitunga kile kile, ao uyape mbuzi, kisha mavi yake yarudi ku shamba. Majani yenye madoa meusi mengi, usiyaweke penye utapanda kalanga tena. Kwa mupunga hayana shida.

Wenye hawatuamini, na ni haki yao, wagawe shamba moja mara mbili: upande mumoja na majani, upande wa pili bila. Mbegu moja, siku moja ya kupanda. Wakati wa mavuno pimeni kila upande kwa beseni moja, mulete hesabu ku mukutano, hata kama inatupinga.