Ya Kale Hayanuki?

Kuna tashbihi moja iliyotapakaa katika dibaji za diwani zetu na katika hotuba za kuwasifu wakongwe: kwamba malenga fulani ni kama mvinyo, kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi utamu. Tashbihi hii tumeiazima, na tulipoiazima hatukuuliza kama ni kweli. Wenye mvinyo wao wenyewe hawaiamini. Nadai ifutwe katika kalamu zetu, na shahidi wangu ni mvinyo mweupe wa zabibu ziitwazo Chardonnay.

Nitaambiwa: una nini wewe na mvinyo, nasi ni watu wa pwani wenye dini yetu? Jawabu ni jepesi. Kukijua kitu si kukinywa. Abu Nuwas aliuimba mvinyo kwa Kiarabu, na Shaaban Robert alimleta Omar Khayyam katika Kiswahili. Mfasiri hana budi kujua neno limebeba nini. Na waliouleta mvinyo barazani ni hao wenye tashbihi, si mimi.

Haya, tuutazame. Chardonnay kijana wa Chablis, kaskazini ya Burgundy nchini Ufaransa, una manjano yaliyopauka yenye dalili ya kijani. Ulimini ni tufaha bichi, ndimu, na ukali unaokaza taya. Ule wa Meursault, kusini zaidi, hulazwa katika mapipa ya mwaloni. Bakteria wakisha kuigeuza asidi ya tufaha kuwa asidi ya maziwa, hutokea harufu ya siagi, na mbao nazo huongeza vanila. Miaka ikipita, matunda hurudi nyuma. Rangi huelekea dhahabu, na mvinyo ulio bora, ukitimiza miaka kumi au zaidi, hunukia asali, lozi zilizokaangwa, mkate uliochomwa, pengine hata uyoga. Ule ukali wa ujanani haukuondoka. Ndio uliousimamisha mvinyo wakati mengine yakibadilika.

Lakini hao ni wachache. Sehemu kubwa ya Chardonnay duniani hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache tu. Ukiuweka kupita muda wake, hewa ipenyayo taratibu kwenye kizibo huumaliza: rangi huwa ya kahawia, na ladha huwa ya tufaha lililokatwa likaachwa wazi. Mtu akikwambia umekomaa, anakudanganya. Umechuja.

Hata jina kubwa halikingi. Mvinyo mweupe wa Burgundy wa mavuno ya 1995 na 1996, uliotarajiwa kudumu miaka mingi, ulianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa umezeeka kabla ya wakati wake. Chupa mbili za sanduku moja, moja ilikuwa nzima na ya pili imekufa. Wakalaumiwa vizibo, ikalaumiwa salfa iliyopunguzwa, ikalaumiwa namna ya kukamua zabibu. Hakuna aliyesema chupa iliyokufa iheshimiwe kwa umri wake.

Nako Paris, mwaka 1976, waonjaji Wafaransa waliofichwa majina ya chupa waliupa nafasi ya kwanza Chardonnay wa Chateau Montelena wa California, wa mavuno ya 1973. Ulikuwa na miaka mitatu tu, na ulivishinda vyeupe vya Burgundy vyenye sifa kubwa. Mwaka 2006 mashindano yale yalipokumbukwa, vyekundu vya awali vilionjwa tena, lakini vyeupe vya awali havikurudishwa mezani. Wenyewe wanajua kipi kinangoja na kipi hakingoji.

Basi turudi kwetu. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kazi ya wakati: kuiva, kukomaa, kuchuja, kupooza, kuchacha, kuvunda. Mgema wa mnazi anajua kuwa tembo la asubuhi si tembo la jioni, na kwamba likiachwa huwa siki. Huyo hahitaji kufundishwa. Mhakiki wetu ndiye aliyevitupa vitenzi vyote hivyo akabaki na sifa moja, “kongwe”, kama kwamba kalenda ni kipimo cha ushairi. Matokeo tunayaona: tungo zilizopooza hupigwa chapa kwa sababu mtunzi ana mvi, na kijana mwenye ukali wa ndimu huambiwa angoje. Angoje nini? Huenda shairi lake ni la kusomwa leo, na kesho litakuwa limechuja, wala hilo si aibu.

Wala wakongwe hawatendewi wema kwa sifa hiyo. Al-Inkishafi haisomwi kwa sababu ni ya kale. Tungo ngapi za zama zake zimezikwa pamoja na watunzi wake? Inasomwa kwa ule ukali wake mbele ya magofu ya Pate, ukali ambao miaka haikuulainisha. Kumsifu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwa umri wa utenzi wake ni kumnyima sifa aliyoistahiki.

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Wahenga hao hao walisema la kuvunda halina ubani. Mhakiki anayelishika neno la kwanza na kuliacha la pili hajafanya kazi yake. Kazi yake ni kufungua chupa, kunusa, kuonja, kisha kusema alichokikuta, hata ikiwa mwenye chupa ni mwalimu wake.