UYOGA HAUTAKI PANGABOI, UNATAKA HEWA

Wiki hii safu yenu ilipanda basi hadi Sekenke, kule Iramba mkoani Singida, mahali ambapo dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Mjerumani. Lakini mimi sikufuata dhahabu. Nilimfuata mshikaji niliyemaliza naye fomu foo, anayelima uyoga chumbani.

Jamani, nilimkuta hoi! Pesa aliyoweka kwa ajili ya mahari aliizamisha yote kwenye mifuko ya uyoga mamama. Chumba ni cha bati, saa nane mchana ni tanuri. Akaona dawa ni pangaboi. Akafunga madirisha vumbi lisiingie, akawasha. Matokeo yake? Uyoga ulitoka na shingo ndefu kama twiga, vichwa kama vifungo vya shati. Uliobaki ukakauka.

Mzee mmoja mchimbaji alichungulia, akacheka. "Vijana wangu, duarani tunashusha bomba, blowa inasukuma hewa ya juu ifike chini. Ukizungusha feni shimoni bila bomba, utapepewa huku unakufa."

Hapo ndipo siri ilipo. Pangaboi linazungusha joto lile lile. Sisi tunasikia baridi kwa sababu jasho linakauka. Uyoga hautoki jasho, unanyauka tu. Halafu uyoga unapumua kama sisi. Hewa ikichakaa, unarefusha shingo kutafuta nyingine.

Kwa hiyo ukienda dukani, omba feni ya kutoa hewa nje, ile ya kufungwa ukutani. Usidanganywe na rangi wala ukubwa wa boksi. Pima chumba kwanza: urefu mara upana mara kimo. Cha mshikaji ni meta 4 kwa 3 kwa 2.5, yaani meta 30 za ujazo. Chumba kimoto kama kile, panga hewa yote ibadilike mara 20 hivi kwa saa. 30 mara 20 ni 600. Tafuta namba hiyo kwenye boksi, imeandikwa m³/h. Muuzaji asipoweza kukuonyesha, aga kwa heshima. Chukua yenye swichi ya kupunguza kasi, maana upepo mkali nao unakausha uyoga. Na umeme usisahau: feni ya wati 50 ikizunguka saa 24 inakula uniti 1.2.

Ifunge juu, karibu na bati, joto linakopanda. Ukuta wa pili, upande wa kivuli, toboa tundu chini, kubwa kuliko la feni, uweke wavu wa kuzuia wadudu. Bila tundu hilo feni itanguruma bure.

Ila tusidanganyane: feni haiwezi kukipoza chumba kuliko hewa inayoingia. Nje kukiwa na nyuzi 33, utavuta 33. Ujanja ni kutundika gunia lililolowa kwenye tundu la kuingizia hewa. Singida kukavu, maji yanakauka haraka na hewa inaingia imepoa, tena na unyevu ambao uyoga unaupenda. Chini ya bati weka dari, hata la makuti au majani.

Mshikaji ameshatoboa ukuta. Mifuko mingine bado ina uhai, na mkwe ameombwa asubiri mavuno ya pili. Kama amekubali au la, hilo sikuthubutu kuuliza!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.