Kabla ya Gango, Tafuteni Pigo la Damu

Msafiri atokaye Kigoma mjini kwa barabara hufika Kidahwe, na hapo njia hugawanyika: moja huelekea Kasulu, nyingine Uvinza. Damu iendayo mkononi nayo ina Kidahwe yake. Hutoka moyoni, hupita nyuma ya mtulinga na kuvuka kwapa, kisha huteremka upande wa ndani wa mkono wa juu katika ateri moja kubwa ambayo wataalamu huiita brakia. Chini kidogo ya kunjo la kiwiko ateri hiyo hugawanyika, tawi moja likifuata upande wa kidole gumba na jingine upande wa kidole cha mwisho.

Mwanafunzi wa sekondari huweza kuchora moyo wenye vyumba vinne bila kukosea. Mwambie aonyeshe kwa kidole mahali ipitapo brakia katika mkono wake mwenyewe, na wengi watababaika. Kwa maoni yangu hiyo ni kasoro ya ufundishaji, na katika mkoa wa michikichi na miembe si kasoro ndogo.

Mtoto aangukaye kutoka mtini hutanguliza kiganja, na mara nyingi mfupa wa mkono wa juu huvunjika pale ulipo mwembamba, juu kidogo ya kiwiko. Kwa kawaida kipande cha juu husukumwa mbele, na mbele yake ndipo ilipo brakia, pamoja na neva kubwa inayoandamana nayo. Ateri yaweza kubanwa, kupindwa, kuchubuka kwa ndani au kukatika. Watu wote waliopo hutazama mfupa, kwa kuwa ndio unaoonekana umepinda. Lakini mfupa huweza kungoja. Misuli ya kigasha ikikosa damu kabisa kwa muda wa saa 6 hivi, huanza kufa isiweze kufufuka. Mahali pake hufanyika kovu gumu ambalo hufupika na kuvikunja vidole daima. Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Halle, Ujerumani, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881, akilaumu hasa bandeji zilizokazwa mno, na hata leo hujulikana kwa jina lake.

Hapo ndipo ninapotaka kuyasema magango. Simo miongoni mwa wanaowadharau waganga wa kuunga mifupa. Mfupa uliotulizwa vizuri kwa vibanzi huweza kuunga. Ugomvi wangu ni juu ya kukaza. Mkono uliovunjika huendelea kuvimba kwa siku moja au mbili, bali kamba haivimbi pamoja nao. Kitambaa kilichokuwa cha kadiri adhuhuri huwa kitanzi usiku wa manane. Plasta ya hospitali iliyozungushwa pande zote yaweza kufanya madhara yale yale, kwa hiyo tusidhani kwamba tunazungumza juu ya kijijini peke yake.

Basi kijana afundishwe kutazama nini? Kwanza atafute pigo la damu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, alilinganishe na la mkono mzima. Auguse mkono kama una joto. Abonyeze ukucha hadi uwe mweupe, kisha auachie: wekundu urudi katika sekunde 2 hivi. Afanye hayo kabla ya kufunga na baada ya kufunga, tena mara kwa mara njiani.

Hata hivyo pigo halitoshi kuwa shahidi wa pekee, na mwalimu asilifiche jambo hili kwa ajili ya kurahisisha somo. Kukizunguka kiwiko kuna mishipa midogo ya pembeni, mfano wa vijia vya miguu vinavyoikwepa barabara iliyofungwa. Kwa sababu hiyo kiganja chaweza kuwa chekundu na chenye joto ingawa brakia imezibwa. Kinyume chake, pigo laweza kusikika vizuri wakati uvimbe ndani ya kigasha unaiua misuli. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa taratibu na mtu mwingine, ni dalili ya hatari. Hapo vifungo vyote vilegezwe, kiwiko kisikunjwe kwa nguvu, na mtoto apelekwe hospitali mara moja. Kwa mtu wa Kidahwe hiyo ni Maweni, hata kama ni usiku.

Mwaka 1628 William Harvey, tabibu Mwingereza, alitumia kamba iliyofungwa mkononi kuthibitisha kwamba damu huzunguka mwilini. Darasani hatuhitaji hata hiyo kamba. Mwanafunzi mmoja abonyeze kwa vidole upande wa ndani wa mkono wa juu wa mwenzake, katika mfuo ulio kati ya msuli wa mbele na wa nyuma, akiikandamiza ateri juu ya mfupa. Wa tatu ashike kifundo na kungojea pigo lipotee. Kubonyeza huko huko hupunguza damu imwagikayo kutoka jeraha la panga kwenye kigasha, iwapo kulikandamiza jeraha lenyewe kwa kitambaa safi hakukutosha. Zoezi lachukua nusu dakika kwa kila kikundi, na kifaa chake ni saa yenye mshale wa sekunde.