Chemchemi uani, jua ndilo linalolipa luku

Wale mliozoea kusoma hapa habari za viatu, mitindo ya nywele na nani kaachwa na nani, leo mniwie radhi. Wiki hii tunahamia uani. Ndiyo, uani, kule kwenye kamba za nguo na ndoo za maji. Tuliza boli nikupe kisa.

Mimi mwenzenu ni mpangaji. Nyumba yetu ipo Sinza, vyumba sita, uani kuna mwarobaini mmoja na kijipande cha ardhi kisichotosha hata kulaza baiskeli mbili. Mwaka 2019 nilipandwa na kichaa cha bustani. Nikanunua beseni kubwa, nikajaza maji, nikatia mayungiyungi mawili na vijiwe vyeupe. Bab kubwa! Kila Jumapili wapangaji wenzangu wanapiga picha pale, nami kichwa kinavimba kama andazi.

Raha haikudumu. Mwaka ule homa ya dengue iliingia Dar es Salaam ile mbaya, kama ilivyoingia mwaka 2014. Asubuhi moja Mama Mapacha wa chumba cha nne akaamka viungo vyote vinamuuma, nyuma ya macho panagonga, homa haishikiki. Hospitali wakamwambia ni dengue. Siku ya tatu yake bwana afya akapita uani kwetu na tochi, akainama kwenye beseni langu, kisha akaniita kwa kidole.

"Njoo uone mifugo yako."

Viluwiluwi, msomaji wangu! Wanajirusha humo kama watu wa Coco Beach siku ya Idi.

Hakuna aliyethibitisha kuwa mbu aliyemuuma mama yule alitoka kwangu. Lakini kesi ya uani haina haja ya hakimu. Nilimwaga maji, nikatupa mayungiyungi, nikafyata. Mama Mapacha alilala kama wiki mbili, na uji wa wale mapacha wake wa miaka mitatu nikawa nakoroga mimi. Hakunitukana hata siku moja. Angenitukana ningelala usingizi.

Baadaye bwana afya yule alinipa shule. Mbu wa dengue huuma mchana, si usiku kama yule wa malaria. Ana madoa meupe miguuni, na anapenda maji yaliyotuama, hata kwenye kopo au kifuniko cha ndoo. Toka yai mpaka mbu wa kuruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Tena mayai yake anayagandisha ukingoni mwa chombo, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Kwa hiyo kumwaga tu hujafanya kitu. Lazima usugue kuta za chombo.

Mwaka jana kichaa kikarudi. Nikasema safari hii maji yatembee, mbu wakose pa kulala. Nikatia pampu ya umeme, waya kupitia dirishani. Wiki haikuisha, nikaitwa kikao. Luku yetu ni moja, tunachangia vyumba vyote, na mama mwenye nyumba ndiye katibu na hazina.

"Baba, hizi uniti zinakwenda wapi?"

Nikajitetea kwamba kapampu kenyewe ni ka wati 20 tu. Dada wa chumba cha tano, anayesomea uhasibu, akapiga hesabu palepale: wati 20 kwa saa 24 ni karibu nusu uniti kwa siku, kwa mwezi ni uniti 14 na ushee. Kikao kikacheka, mimi nikachomoa waya. Na kusema ukweli walinisaidia. Umeme wa ukutani, maji na watoto wanaochezea uani ni mambo yasiyokaa pamoja.

Hapo ndipo mshikaji wangu mmoja, fundi wa redio na simu, akanigutua. "Jua lote hili la Dar unaliacha linakausha kanga tu?" Basi Jumamosi mbili tukafanya kazi, na leo maji yanaruka uani kwetu bila senti moja ya luku. Kama na wewe unataka, kaa mkao wa kula.

Kwanza, vitu. Tafuta paneli ya sola ya wati 10, pampu ndogo ya kuzama ya volti 12 inayotumia kama wati 5, beseni gumu la lita 60, wavu wa kuku, kipande cha chandarua kikuukuu, kokoto kubwa na mtungi wa udongo wenye urefu kama nusu mita. Ukiweza nunua pampu na paneli zinazouzwa pamoja kama seti. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, inafika volti 20 na ushee, na pampu ya bei chee inaweza kuungua siku hiyohiyo. Ukinunua mbalimbali, weka katikati kile kifaa cha kushusha volti. Mimi pampu ya kwanza nilijifanya mjanja. Ilivuma dakika kumi, ikanuka, ikafa.

Angalia pia maandishi ya pampu. Ikiandikwa mita 1.5, usidhani maji yatamwagika kwa raha hapo. Huo ndio urefu ambao maji yanagota, hayapandi tena. Ndiyo maana mtungi wangu ni mfupi.

Pili, mtungi. Uloweke usiku kucha, kisha fundi atoboe kitako chake kwa ncha ya kutobolea tofali, taratibu, bila ule mtindo wa kugongagonga. Ukiharakisha unarudi sokoni. Ndani upake niru ya saruji, maana udongo unavuja jasho. Uache siku chache ukiwa na unyevu ili saruji ikomae, halafu jaza maji na kumwaga mara kadhaa.

Tatu, shimo. Zika beseni mpaka ukingo ulingane na ardhi. Pampu ikae juu ya tofali ndani ya beseni, uivishe soksi ndefu ya kike ili mchanga usiingie. Mpira wa maji utoke kwenye pampu, upande kupitia kitako cha mtungi mpaka karibu na mdomo, tundu ulizibe kwa silikoni. Mtungi usimame juu ya matofali yaliyopangwa ndani ya beseni. Kuuzunguka tandaza wavu wa kuku, juu yake chandarua, kisha kokoto. Maji yanapanda, yanafurika mdomoni, yanateleza ubavuni na kuzama kwenye kokoto. Mtoto haoni bwawa la kutumbukia, na mbu akija anakuta chandarua.

Nne, paneli. Sisi tupo kusini mwa ikweta, hivyo ielekeze kaskazini, uilaze kwa mwinamo mdogo, kama nyuzi 10 hivi, mvua iweze kuosha vumbi. Iwe mbali na kivuli. Vijiseli vya paneli vimeungwa kama shanga, kimoja kikifunikwa na tawi vyote vinalegea. Mwarobaini wetu ulinitesa mpaka nikahamishia paneli juu ya paa la choo. Waya usiwe mrefu mno wala mwembamba mno, maana nguvu inapotelea njiani. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na viungio vyote vikae nje ya maji, vimezibwa.

Tano, matunzo. Pampu isitembee kavu hata siku moja. Jua letu linakausha maji, kwa hiyo ongeza kila siku mbili tatu. Kama mnatumia maji ya kisima cha chumvi, utaona ukoko mweupe. Loweka vipande vya pampu kwenye siki, usugue kwa mswaki uliochoka. Na kila wiki, nasema kila wiki, toa maji yote na usugue beseni ukingo mzima. Hapa sitanii.

Wala usidhani kupamba nyumba kwa maji ni ujanja wa kuiga. Kule Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14, mpaka leo lipo bwawa la kuogea lenye pembe nane. Wazee wetu walijua starehe, msomaji wangu. Walichokosa ni paneli tu.

Chemchemi yetu haina betri, kwa hiyo inaishi na jua. Saa tatu asubuhi inaanza kukohoa, saa sita inafurika kwa fujo, jioni inalala. Wingu likipita inakata ghafla, na wale mapacha, ambao sasa wako shule ya msingi, wanapiga kelele, "Jua limekatikaaa!"

Siku tuliyoiwasha mara ya kwanza wapangaji wote walitoka, kasoro Mama Mapacha. Alikuja jioni, uani hakuna mtu. Akainama, akafunua kokoto, akainua chandarua, akamulika beseni kwa simu yake. Akatazama weee. Mimi nimesimama mlangoni kama mtuhumiwa.

"Unasugua lini?" akaniuliza.

"Kila Jumamosi, mama."

"Basi hawa wanangu watakusaidia. Mikono yao midogo, inafika kwenye kona."

Kesho yake mchana nilimkuta kaleta mkeka wake, anachambua mchele pembeni ya mtungi. Hakusema kitu, nami sikusema. Maji yalisema.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na lile kopo lililojaa maji nyuma ya choo chenu, usingoje bwana afya. Kalimwage leo, halafu ulisugue.