Vijana walioangamia kwa ajili ya uma

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo Jumapili, msomaji wangu, kabla hujatia tonge la kwanza kinywani, hebu uinue uma ulio mezani uutazame. Huenda mgongoni pameandikwa Sheffield.

Huo ni mji wa kaskazini mwa Uingereza uliojipatia jina kwa visu. Mito yake mitano ilizungusha mawe ya kunolea, na mwaka wa 1624 Bunge likapitisha sheria ya kuunda chama cha watengenezaji visu. Kazi iligawanywa: mmoja alifua chuma, wa pili akanoa, wa tatu akatia mpini.

Aliyeumia zaidi ni huyo wa pili. Kutwa nzima aliinamia jiwe likizunguka mbele ya uso wake. Visu vilinolewa kwa maji, lakini uma zilinolewa kavu, na vumbi lote likamshukia kifuani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1845, Friedrich Engels, aliyemtaja daktari wa mji huo, Knight, aliandika kwamba wanoaji wa kavu kwa wastani hawakuishi zaidi ya miaka 35 hivi. Ajabu ni kwamba walevi ndio waliochelewa kufa. Je, pombe ni dawa? La hasha! Walikosa kufika kazini mara nyingi, basi vumbi likawapungukia.

Utauliza, hapakuwa na kinga? Ilikuwapo. Mitambo ya kuondoa vumbi iliundwa, lakini baadhi ya wanoaji wenyewe waliivunja. Walihofu kwamba kazi ikiwa salama watu watamiminika, na mshahara ushuke. Wakauza pumzi kwa shilingi.

Mwaka wa 1913, Harry Brearley, mzaliwa wa Sheffield, aligundua huko chuma kisichoshika kutu. Jina lake lingali linatajwa. Wale wanoaji, nani awakumbuke?

Nawe kijana unayekata mawe kwa mashine, pua wazi, ukidai barakoa inakukera, vumbi la jiwe ni lile lile. Nawe mwajiri, elekeza mpira wa maji kwenye jiwe linapokatwa. Watu wa Sheffield walijua tangu zamani kwamba penye maji vumbi hupungua. Heri gharama ya maji kuliko ya jeneza.