Mvua Nyeusi na Wale Wanaoilalamikia

Muhula huu chama chetu cha kusoma vitabu kimegombana. Hakikugombana juu ya fedha wala juu ya uongozi, mambo ambayo vyama huyagombania, bali juu ya kitabu kimoja cha Kijapani kiitwacho Mvua Nyeusi, alichokitunga Bwana Masuji Ibuse. Twakisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Bwana John Bester, na nakala tuliyo nayo ni moja tu, tena jalada lake limekwisha kung'oka. Kwa hiyo kimezunguka bweni kwa bweni, na kila kilipolala usiku kiliacha maneno asubuhi. Maneno hayo nimeyasikia mengi, na naomba nafasi katika gazeti letu niseme ni yapi nayakubali na yapi nayakataa.

Kwa ajili ya wale ambao hakijawafikia, nitaeleza kwa ufupi. Bwana Ibuse alizaliwa mwaka 1898 katika jimbo la Hiroshima, akafa mwaka 1993. Habari hizi alianza kuzitoa kidogo kidogo katika gazeti la kila mwezi, tangu Januari 1965 hadi Septemba 1966, ndipo zikawa kitabu, na mwaka huo huo wa 1966 kitabu kikapewa Tuzo ya Noma, ambayo ni mojawapo ya tuzo kubwa za waandishi wa Japani. Ni riwaya, lakini jambo lenyewe ni la historia. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima, na kufika mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Riwaya yaanza karibu miaka mitano baadaye. Bwana Shigematsu anakaa kijijini na mkewe Shigeko, pamoja na binti wa ndugu yao aitwaye Yasuko, ambaye amefikia umri wa kuolewa. Kila posa ikija, hurudi. Watu wamevumisha kwamba siku ile msichana alikuwa ndani ya mji wa Hiroshima akifanya kazi, na kwamba anao ugonjwa wa bomu. Kwa kweli siku ile alikuwa mbali na mahali lilipopasukia. Lakini alipokuwa akirudi kuwatafuta wazee wake alinyeshewa na mvua iliyochanganyika na masizi na vumbi la bomu, na madoa yake hayakutoka kwa kuosha. Basi mzee analichukua daftari lake la siku zile na kuanza kulinakili, siku baada ya siku, ili mshenga alisome na kuridhika.

Lalamiko la kwanza, nalo ndilo lililopigiwa kelele zaidi na wavulana wa kidato cha tatu, ni kwamba kitabu hakina vita. Ati twaambiwa ni kitabu cha vita, lakini hatumwoni jemadari wala rubani, wala mtu akifyatua bunduki. Twaona wazee watatu wakifuga samaki. Bibi Shigeko anapewa kurasa nzima aeleze walivyokula wakati wa vita, majani gani yalichemshwa na unga gani uliongezwa. Rafiki yangu mmoja alikirudisha kitabu alipofika hapo, akasema habari za mboga anazipata bwaloni bila ya kwenda Japani.

Kwangu mimi kurasa hizo ndizo zilizonishika. Katika vitabu vingi vya vita mtu afa kwa sentensi moja, kisha msimulizi aendelea na safari. Humu wafu wabaki. Lazima wachomwe, na kuni hazitoshi. Lazima wasomewe sala, na makasisi wamekwisha. Bwana Shigematsu, ambaye ni karani wa kiwanda tu, anatumwa na mkubwa wake akajifunze maneno ya maziko ya dini ya Buddha na kuyaandika katika daftari, kisha awe ndiye wa kuyasoma kila maiti aletwapo. Mwanzo anasoma kwa kigugumizi, baadaye anazoea. Sijapata kusoma jambo lililonionyesha ukubwa wa msiba kuliko huyo karani anayezoea. Nao wafuga samaki hawakuwekwa pale kwa mchezo. Ni wagonjwa wa mionzi ambao dakitari amewakataza kazi nzito, lakini kwa kuwa nje wanaonekana wazima, mama mmoja wa kijijini anapita na kuwasema kwa kuwaona wamekaa na nyuzi zao za kuvulia wakati wenzao wako mashambani. Yeyote kati yetu aliyewahi kuwa na ugonjwa usioonekana, akaitwa mvivu siku ya kazi za mikono, ataielewa sura hiyo bila ya mwalimu.

Magazeti ya Japani nayo, kitabu kilipotoka, yalikisifu kwa sababu hiyo hiyo ya upole wake. Palikuwa pamekwisha andikwa mengi juu ya bomu, mengine kwa hasira na mengine kwa siasa, na wasomaji wengi walifurahi kupata mtu anayeeleza mambo kwa sauti ya chini.

Sasa nafika kwenye shauri la Yasuko. Hapo chama chetu kiligawanyika, wasichana huku na wavulana kule, hata mwalimu wa zamu akaja kutazama kuna nini.

Jambo lenyewe ni hili. Yasuko alikuwa na daftari lake pia, na humo ameandika habari ya mvua. Wakati wa kunakili, Bibi Shigeko anauliza kama si afadhali kuiacha sehemu ile, kwa sababu siku zile hakuna aliyejua kuwa mvua ina sumu, lakini sasa kila mtu anajua. Wavulana wengi walisema huo ni udanganyifu: mchumba ana haki ya kujua anamwoa nani. Wasichana wengi walisema mama alikuwa anamlinda mtoto, na kwamba hakuna aliyemwomba mchumba alete daftari lake yeye.

Mimi ni mvulana, na nilitazamiwa niseme na wavulana. Lakini nawaomba wenzangu walisome tena jambo la hati ya dakitari. Kabla ya daftari, Bwana Shigematsu alikuwa amekwisha kumpeleka binti kwa dakitari akapimwa, akaonekana mzima, na cheti akampelekea mshenga. Je, cheti kilisaidia? La, kilizidisha shaka. Mshenga akataka kujua mienendo yote ya Yasuko siku ile ya bomu. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la kusema kweli au kuficha halikuwa swali la haki tangu mwanzo. Uvumi haushibi. Ukiupa cheti, waomba daftari. Ukiupa daftari, utaomba kingine. Mtu asiye na chochote cha kuficha anaanza kufanana na mwenye kuficha, kwa sababu tu anajitetea sana. Naye Yasuko mwenyewe, anapoanza kuugua kweli, ananyamaza na kuyavumilia maumivu peke yake hadi yamekwisha kuwa makubwa. Nani alimfundisha kunyamaza? Ni wale wale waliokuwa wakimpeleleza. Uchumba nao ukavunjika.

Tusiseme kuwa hayo ni ya Wajapani. Wazazi wetu wanaosoma gazeti hili wanajua jinsi posa inavyochunguzwa kwetu. Nyumba fulani wana kifafa. Nyumba ile wana selimundu. Binti yule mama yake alikufa kwa ugonjwa fulani, jihadharini. Simkatazi mtu kuuliza habari za afya. Kupima damu kabla ya ndoa ni jambo jema, na wawili wakapime pamoja. Ninalolikataa ni kuuliza kwa mlango wa nyuma, kwa jirani, huku mwenye habari yake ameachwa nje.

Tena historia yenyewe imekuja kuwafedhehesha waliovumisha. Manusura wa mabomu yale, ambao kwa Kijapani huitwa hibakusha, wengi walificha habari zao ili wapate kazi na ndoa, kwa hofu kwamba watoto wao watazaliwa na kasoro. Wataalamu wamewachunguza watoto wa manusura kwa miaka mingi, na hawakuona kwamba magonjwa ya kurithi yamezidi kwao kuliko kwa watu wengine. Na wale walionyeshewa na mvua nyeusi waliendelea kudai kutambuliwa ili watibiwe kama manusura wengine. Mahakama ya juu ya Hiroshima iliwapa haki watu 84 kati yao mwezi wa Julai mwaka 2021, yaani miaka 76 baada ya mvua yenyewe. Walipokuwa wasichana walihesabiwa wagonjwa ili wasiolewe. Walipokuwa wazee walihesabiwa wazima ili wasilipiwe dawa. Kwa neno hilo sina la kuongeza.

Yako malalamiko mengine ambayo nitayapitia haraka. Wengine wamesema Bwana Ibuse aliiba, kwa kuwa daftari la Shigematsu lilikuwa daftari la kweli la mtu wa kweli. Ni kweli alilitumia sana, na huko Japani wako waliomlaumu kwa hilo miaka ya baadaye. Lakini yeye ndiye aliyelipanga, akaliunganisha na maandiko ya wengine, akamweka Yasuko katikati yake. Seremala hakuotesha mti. Wengine wamechukia kwamba mwisho hatuambiwi kama Yasuko atapona. Hao nawahurumia, lakini siwasaidii.

Lalamiko zito zaidi lilitoka kwa dada mmoja wa kidato chetu anayependa sana somo la historia. Alisema kitabu chawaonyesha Wajapani wakiteseka, lakini hakisemi sawasawa walivyowatesa Wachina na Wakorea kabla ya hapo. Msomaji asiyejua ataona kama kwamba bomu lilitoka mbinguni siku yenye amani. Naikubali hoja hii. Tena wapo Wakorea maelfu waliokufa katika Hiroshima hiyo hiyo, maana Korea wakati ule ilitawaliwa na Japani. Kitabu hakiwezi kusema yote, na Bwana Ibuse anawacheka wakubwa wa jeshi na amri zao mara nyingi kwa chinichini. Hata hivyo mwenye kusoma hiki asome na historia ya China pia. Lakini sikubali aliposema kwamba, kwa sababu hiyo, machozi ya Yasuko ni ya uongo. Msichana aliyekuwa akirudi kuwatafuta wazee wake hakutawala Korea.

Mwingine, ambaye babu yake alipigana katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, alikasirishwa na mahali ambapo Bwana Shigematsu anafikiri kwamba hajali tena ni nani atakayeshinda, na kwamba angeipokea amani hata isiyo ya haki. Alisema mtu asiyejali ardhi yake imechukuliwa si mtu. Tulibishana hadi kengele ya kulala. Naona mzee yule alisema akiwa kati ya maiti, naye babu wa rafiki yangu alikwenda vitani akiwa na nchi ya kurudi. Kila mmoja alisema alichokiona.

Lalamiko la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wako waliosema, "Hayo yatuhusu nini sisi?" Ndugu zangu, sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu yale ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, huko Kongo, ambako watu wasema Kiswahili kama sisi. Mkubwa wa kampuni ya Union Minière, Bwana Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Kazi yote ilikuwa ya siri. Mchimbaji hakuwa na njia ya kujua jiwe lake laenda wapi. Mwaka 1960 Ufaransa ilijaribu bomu lake la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Aljeria. Na urani ipo ardhini hata kwetu, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mataifa ya Afrika yalitia sahihi mkataba wa Pelindaba mwaka 1996 kwamba bara letu lisiwe na silaha hizo, nao ukaanza kutumika mwaka 2009. Nimewauliza wenzangu wengi wa kidato cha nne kama wamepata kuusikia mkataba huo. Wawili walisema ndiyo.

Limebaki ombi la mzazi mmoja, aliyesema siku ya kutembelewa kwamba kitabu hiki kiondolewe maktabani, kwa kuwa kinawatia watoto ndoto mbaya. Ni kweli kinatisha, na yako maelezo ya majeraha ambayo sikuyasoma mara ya pili. Lakini jambo kama hilo limekwisha jaribiwa kwenye nchi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2012, wakuu wa elimu wa mji wa Matsue waliziagiza shule zikifungie kitabu cha picha kiitwacho Gen, cha Bwana Keiji Nakazawa, ambaye bomu la Hiroshima lilimkuta akiwa mtoto wa miaka sita. Habari zilipotoka watu walipiga kelele, na mwezi wa Agosti 2013 amri ikaondolewa. Mimi nashauri kidato cha kwanza na cha pili wakisome pamoja na mwalimu, saa ya chama, si peke yao usiku na tochi chini ya blanketi. Cha tatu na cha nne waachwe.

Nakala sasa iko kwa mama wa maktaba, anaishona jalada. Atakayeitaka aandike jina lake katika daftari lililo mezani pake. Waliotangulia ni kumi na wanane.