Cheti Hakikoboi Mpunga

Imani kwamba fundi anayefaa kuajiriwa ni yule tu mwenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha ufundi na uzoefu usiopungua miaka mitano imezoeleka mno katika matangazo ya kazi nchini Tanzania, kiasi kwamba anayeihoji huonekana kuwa mtetezi wa kazi za kulipua. Imani hiyo ni potofu, kwa sababu inapima njia aliyopitia fundi na kuacha kupima kazi anayoweza kuifanya, na inaziumiza zaidi sehemu zinazoishi kwa ufundi, kama Chimala, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya.

Chimala hupokea mpunga wa Bonde la Usangu, na thamani ya mpunga huo huamuliwa kwa kiasi kikubwa kwenye mashine ya kukobolea. Ndani ya mashine hiyo mna roli mbili za mpira zinazozunguka kwa kasi tofauti ili kuivua punje ganda lake. Fundi hukinga kiganja penye mdomo wa mashine, akausugua mchele kwa kidole gumba na kuutazama: chenga, yaani punje zilizovunjika, zikizidi, roli zimebana mno; punje zenye maganda zikibaki nyingi, roli zimeachana au mpira umelika. Hukaza au kulegeza kidogo, akakinga tena, huku sikio likifuatilia mlio wa beringi. Ujuzi huo hukaa kiganjani na sikioni, wala hauonekani katika usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa maandishi wa kupunguza waombaji, hasa maswali yanapoandikwa kwa Kiingereza kwa mtu atakayefanya kazi yake yote kwa Kiswahili.

Sharti la miaka mitano lina kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa kila mwajiri akilishikilia, hatabaki wa kumpa kijana mwaka wake wa kwanza. Mhitimu wa chuo cha ufundi hukataliwa kwa kuwa ana cheti bila miaka, na aliyeanza akiwa saidia fundi katika gereji ya kando ya barabara hukataliwa kwa kuwa ana miaka bila cheti wala barua ya mwajiri, hata kama ndiye anayetengeneza breki za malori yanayoshuka Chimala kutoka Matamba, kule milimani, kwa njia ya kona iitwayo Hamsini na Saba.

Historia ya Chimala yenyewe inaikanusha imani hii. Reli ya TAZARA ipitayo Chimala, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na maelfu ya vijana wa Kitanzania waliifunza mikono yao kazi palepale kazini, wakiwa na wataalamu wa Kichina. Lau wangedaiwa kwanza uzoefu wa miaka mitano wa kujenga reli, asingepatikana hata mmoja.

Ni kweli kwamba zipo kazi, kama za umeme, ambazo kosa lake huua, na leseni yake haina budi kulindwa. Hata hivyo, kulinda usalama ni kumtahini fundi kwa kazi yenyewe, na njia ya kufanya hivyo ipo tayari: VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huendesha urasimishaji wa ujuzi, ambao ni utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya chuo na kumpa cheti anapofaulu. Sheria za kazi nazo zinatambua muda wa majaribio, ambao humwezesha mwajiri kumwona mtu akiwa kazini kabla ya kumthibitisha.

Waajiri na waandishi wa matangazo ya kazi wanapaswa kufuta miaka mitano, kuuliza kwa Kiswahili, na kuweka usaili wa vitendo mbele ya mtihani wa karatasi: mwombaji apewe mashine iliyoharibika, apewe spana, apewe saa mbili. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Chimala wajenzi wapo, na wanaorudishwa getini ni walewale ambao mwajiri huwaita kwa simu usiku mashine inapokwama.